Kabla ya Kumwendea Dalali wa Nyumba za Kupangisha

Wengi wetu humwendea dalali na swali moja tu: "Kuna nyumba gani?" Hapo ndipo yeye anapotuchagulia. Mnunuzi wa jengo la kupangisha, liwe Manyoni au Singida mjini, na aende na masharti yake yameandikwa: fedha alizonazo, mtaa anaoutaka, na miaka atakayovumilia hadi fedha zirudi.

Tuseme jengo la shilingi 60,000,000 lina vyumba 6, kila kimoja 50,000 kwa mwezi. Vyote vikikaliwa, mapato ya mwaka ni 3,600,000. Fedha hurudi baada ya miaka 16 na miezi 8, mbali na kodi na ukarabati. Chumba kimoja kikikosa mpangaji daima, miaka yafika 20. Asiyevumilia zaidi ya miaka 10 aseme mapema: jengo kama hilo halimfai likizidi 36,000,000.

Maji nayo, katika mkoa wetu mkame, ni sharti. Waulizeni wapangaji, si dalali. Hati ipekuliwe kwa Msajili wa Hati. Ikiwa ni nyumba ya wanandoa, ridhaa ya mwenzi ipatikane, kama itakavyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Dalali hulipwa mauzo yakikamilika, kwa hiyo upekuzi huo msimwachie yeye.