Kukuza Grafu si Kukuza Picha

Juma hili tuitazame grafu, ule mstari unaopanda na kushuka kwenye kioo cha kompyuta. Ukitaka kuona sehemu moja vizuri, unabonyeza kipanya, unaburuta mpaka kitokee kisanduku, unaachia. Sehemu ile inajaa kioo kizima.

Wengi hudhani kompyuta imevuta picha, kama fundi wa studio anavyokuza picha ya pasipoti. La hasha! Picha ikivutwa mno, mistari hunenepa na ukungu huingia.

John Hunter, Mmarekani aliyekuwa mtafiti wa ubongo mjini Chicago, alihitaji kuchunguza mawimbi ya umeme katika ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Ndipo akaunda matplotlib, programu ya kuchora grafu iliyotoka mwaka 2003. Alifariki 2012, programu yake ingali ikitumika. Hebu fikiri: rekodi ni ya saa nyingi, kumbe degedege lilianza katika sekunde chache tu. Ukivuta picha, yale mawimbi madogo huyaoni, kwani yalikuwa yamebanana hata hayakuchorwa.

Kwa hiyo kazi imegawanywa. Ndani ya programu, mstari ni kitu kinachojitegemea, nao hutunza takwimu. Mhimili ni kitu kingine; hutunza mipaka, yaani kutoka sekunde ipi hadi ipi. Ukiachia kipanya, pembe za kisanduku hugeuzwa kutoka vipimo vya kioo kuwa sekunde, mhimili hupewa mipaka mipya, na mchoro huchorwa upya. Takwimu hazikuguswa. Mipaka ya zamani nayo huwekwa akiba, ndiyo maana kuna kitufe chenye alama ya nyumba cha kukurudisha ulikoanzia.

Sasa, tuseme bei ya sukari imepanda kutoka shilingi 3,000 hadi 3,030, asilimia moja tu. Mhimili ukianzia sifuri, mstari umelala. Ukianzia 2,990 na kuishia 3,040, umepata Kilimanjaro! Programu haikudanganya, maana namba mpya imeziandika pembeni. Wanaoziondoa ni sisi wa vyombo vya habari, eti nafasi haitoshi. Mimi mwenyewe niliwahi kutangaza hewani kwamba bei “imeruka” baada ya kutazama mchoro wa namna hiyo, na jioni ile muuza duka wa mtaani kwetu akaniuliza hiyo sukari ninainunua wapi.