Doria Ifuate Mwezi Bangwe

Uhalifu haulingani mji mzima. Mwaka 1989, Lawrence Sherman na wenzake walionyesha kwamba mjini Minneapolis, Marekani, nusu ya miito ya polisi ilitoka kwenye takriban asilimia 3 tu ya anwani. Doria ziende huko, basi. Lakini Bangwe, Kigoma, ramani ya mitaa haitoshi, maana riziki iko majini. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao, na wanyang'anyi wa injini za boti wanalijua hilo. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hulala ufukweni. Kwa hiyo mkaguzi wa polisi wa kata apange doria kwa kalenda ya mwezi, na polisi wapewe boti yenye mafuta.