Ukuta Humzuia Nani? Alama za Biashara za Afrika Mashariki na Mfumo wa Madrid



Hati ya usajili wa alama ya biashara huishia pale inapoishia mamlaka ya dola iliyoitoa. Aliyesajili jina la kahawa yake kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni jijini Dar es Salaam anaweza kumshtaki anayeliiga Mbeya au Mwanza. Akiipeleka hati hiyo hiyo Nairobi, Kampala au Muscat, haimpi haki yoyote. Tena hana haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Alama iliyosajiliwa Dar es Salaam hailindwi Unguja, kwa kuwa Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na Zanzibar ina Sheria yake ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2008, pamoja na daftari lake na msajili wake. Bidhaa hupakiwa boti asubuhi zikauzwa Darajani mchana wa siku ile ile, lakini ulinzi wa jina lake umebaki bandarini. Huu si udhaifu wa sheria zetu peke yetu. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 uliacha kila nchi na daftari lake, na kila usajili ukisimama kwa miguu yake. Ninalotaka kulitetea leo ni kwamba, kwa kuwa mambo yako hivyo, Tanzania na Uganda zinapaswa kujiunga na mfumo wa Madrid wa usajili wa kimataifa wa alama, kwa sababu kukaa nje kunamwumiza mfanyabiashara mdogo wa hapa nyumbani bila kumpunguzia chochote mkubwa wa ng'ambo.

Mfumo huo ulianzishwa na mkataba uliosainiwa Madrid mwaka 1891. Itifaki iliyoufanyia marekebisho makubwa ilipitishwa mwaka 1989 na ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 1996. Unaendeshwa na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, lenye makao yake Geneva, na wanachama wake sasa ni zaidi ya 110. Alama kongwe kuliko zote ambazo bado ziko hai katika daftari lake ni ya saa za Longines, iliyoandikishwa mwaka 1893. Utaratibu wake unaeleweka bila shida. Mwenye alama huanza nyumbani, kwa ombi au usajili katika ofisi ya nchi yake. Ofisi hiyo huthibitisha kwamba alama, mwenye alama na orodha ya bidhaa vinalingana na kilichomo katika daftari lake, kisha hupeleka ombi Geneva. Ombi huwa moja, kwa lugha moja kati ya Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, na ada hulipwa kwa faranga za Uswisi mara moja, likitaja nchi zote ambako ulinzi unatakiwa. Geneva hukagua taratibu tu. Uamuzi wa kukubali au kukataa unabaki kwa kila nchi iliyotajwa, kwa sheria yake yenyewe, ndani ya miezi 12, au 18 kwa nchi zilizotangaza hivyo. Ulinzi hudumu miaka 10 na huhuishwa kwa ombi moja. Kwa hiyo wanaosema kwamba Madrid hutoa alama ya dunia nzima wanakosea. Kinachotolewa ni fungu la alama za kitaifa lililofungwa kwa kamba moja.

Tuitazame ada, maana hapo ndipo hoja yangu inapoegemea zaidi. Ada ya msingi ni faranga 653 kwa alama isiyo na rangi na 903 kwa yenye rangi. Kila nchi inayotajwa huongeza faranga 100, au ada yake maalumu iwapo imetangaza kuwa nayo, na bidhaa zikizidi makundi matatu kuna nyongeza. Lakini mwombaji anayetoka katika nchi iliyomo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni kabisa hulipa asilimia 10 tu ya ada ya msingi, yaani takriban faranga 65 kwa alama isiyo na rangi. Kenya haimo katika orodha hiyo; Tanzania na Uganda zimo. Nchi ambazo wafanyabiashara wao wangeupata mlango huu kwa bei ndogo kuliko wote ndizo ambazo hazijaufungua.

Asiye na mlango huo hupita wapi? Hupita nchi moja moja, kila nchi na wakili wake, tafsiri yake, fomu zake na kalenda yake ya kuhuisha. Njia hiyo inapitika, ila tuangalie nani ameweza kuipita. Mwaka 2005 Ethiopia iliomba kusajili Marekani majina ya kahawa zake tatu, Yirgacheffe, Harrar na Sidamo, na ikapeleka maombi katika nchi nyingine pia. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa cha Marekani kikaweka pingamizi, kukawa na mvutano mrefu na kampuni ya Starbucks, na makubaliano hayakufikiwa hadi Juni 2007. Ethiopia ilishinda, na Waafrika wengi walifurahi kwa haki. Lakini aliyekuwa akishindana ni serikali nzima, ikisaidiwa na mawakili na mashirika ya utetezi ya kimataifa, kwa ajili ya zao linalobeba uchumi wa taifa. Kikundi cha wafugaji nyuki wa Tabora hakina wizara ya kukipigania. Wala mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza bidhaa zenye jina lake mwenyewe kutoka Guangzhou hana. China ni mwanachama tangu 1989, na sheria yake kwa kawaida humpa haki aliyetangulia kuomba, si aliyetangulia kutumia. Kiwanda au dalali akiwahi kulisajili jina hilo kule, anaweza kuiomba forodha ya China izuie mzigo usitoke, na mwenye jina akajikuta ndiye anayeitwa mwizi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kujiunga ni kwamba tutafungulia mafuriko ya alama za kigeni. Wanaolitoa hutuonyesha Kenya, iliyoingia mwaka 1998, na ni kweli: alama za kigeni zinazoitaja Kenya kupitia Geneva ni nyingi mno kuliko za Wakenya zinazotoka. Sikatai ushahidi huo; nakataa tafsiri yake. Kampuni kubwa za Ulaya, Marekani na Asia hazikusubiri Madrid ziingie katika daftari la Dar es Salaam. Zina idara za sheria, zina mawakili katika kila mji mkuu, na gharama ya kusajili nchi moja moja kwao ni tone. Ukuta tulioujenga wameshauruka. Anayebaki ndani yake ni yule asiyeweza kulipa mawakili watano ili auze katika masoko matano. Kwamba Wakenya wachache wametumia nafasi hiyo ni jambo la kusikitisha, na linadai elimu kwa wafanyabiashara, hasa vyama vya ushirika na viwanda vidogo. Barabara isiyo na magari mengi kutoka upande wetu si sababu ya kuifukia.

Mawakili wa alama nao wana hofu ya kupoteza ada. Ni hofu ya kweli, nami sitaki kuidharau, lakini kazi haifi. Ofisi ya nchi inapotoa uamuzi wa awali wa kukataa, mwenye alama wa kigeni humhitaji wakili wa hapa kujibu, na mashauri ya pingamizi na uigaji hubaki mikononi mwa wanasheria wetu.

Pingamizi lililo zito zaidi linahusu utegemezi. Kwa miaka 5 ya kwanza usajili wa kimataifa huning'inia kwenye alama ya nyumbani: alama hiyo ikifutwa, kukataliwa au kuachwa, ulinzi wa nje kote huanguka pamoja nayo, kwa kiwango kile kile. Mshindani mwenye nguvu anaweza kuangusha yote kwa shambulio moja. Itifaki ya 1989 ilipunguza makali hayo kwa kumruhusu mwenye alama, ndani ya miezi 3, kugeuza usajili ulioanguka kuwa maombi ya kitaifa bila kupoteza tarehe yake ya awali. Lakini ubadilishaji huo humrudisha kwenye gharama zile zile alizotaka kuzikwepa. Ninavyoona mimi, utegemezi unatuambia wapi pa kuweka nguvu. Usajili wa kimataifa hauwezi kuwa imara kuliko wa nyumbani. Anayeomba jina linaloieleza tu bidhaa yenyewe, au linalokaribia mno la mwingine, anapeleka udhaifu wake Geneva ukiwa umezidishwa kwa idadi ya nchi alizozitaja. Upekuzi wa daftari kabla ya kuomba, na wakaguzi wenye ujuzi katika ofisi zetu, ni ulinzi bora kwa mfanyabiashara wetu kuliko kumwacha nje ya mfumo.

Wapo wanaosema Itifaki ya Banjul inatosha. Ilipitishwa mwaka 1993 chini ya shirika la kanda lenye makao Harare, ARIPO, na Tanzania na Uganda zimo. Inafaa kwa anayeuza Malawi, Zimbabwe au Msumbiji. Lakini haifiki Oman, iliyomo Madrid tangu 2007, wala Falme za Kiarabu, zilizojiunga 2021, wala China. Na ndani ya Jumuiya yetu wenyewe ya Afrika Mashariki haifiki Kenya wala Rwanda, ambazo hazimo Banjul bali zimo Madrid, Rwanda ikiwa imeingia mwaka 2013. Matokeo yake ni kwamba mzalishaji wa Nairobi anaweza kutaja Muscat, Kigali na Beijing katika fomu moja, lakini Arusha, iliyo karibu kuliko yote, inamtaka ombi jingine kabisa. Jumuiya inayojivunia soko la pamoja tangu 2010 imegawanyika vipande vipande katika jambo la msingi la kila soko, yaani kumtambua aliyetengeneza kitu.

Kujiunga, hata hivyo, hakuanzii Geneva. Katika mapokeo yetu ya sheria, mkataba uliosainiwa hauwi sheria mahakamani hadi Bunge liutungie sheria, na mwenye alama aliyelipia ulinzi usiotambuliwa na jaji amedhulumiwa kwa hati yenye muhuri. Kwa Tanzania, marekebisho ya sheria ya 1986 lazima yatangulie. Pia Bara na Zanzibar zikubaliane mapema, kwa kuwa alama za biashara hazimo katika orodha ya mambo ya Muungano, huku dola inayojiunga ikiwa ni Jamhuri ya Muungano moja: anayeitaja Tanzania katika fomu ya Geneva ajue bila shaka kama analindwa Unguja na Pemba. Halafu kuna hatari ya ukimya. Muda wa kukataa ukipita bila ofisi kusema neno, alama ya mgeni hulindwa, hata kama ingestahili kukataliwa, na ofisi yenye wakaguzi wachache itapitwa na tarehe nyingi. Itifaki ya Madrid inaruhusu nchi inayojiunga kutangaza muda wa miezi 18 badala ya 12, na kutangaza ada yake maalumu, mradi isizidi ile ambayo ingetozwa kwa ombi la kitaifa. Tanzania itangaze yote mawili siku ile ile itakapowasilisha hati yake ya kujiunga, na ada hiyo iwaajiri wakaguzi. Kuanzia siku hiyo itakuwa na miezi 3 tu kabla Itifaki haijaanza kuifunga.