WAULIZENI WAZEE KABLA HAWAJATANGULIA

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa Kutulo usiku wa Ramadhan, baada ya Tarawehe)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ndugu na dada zangu katika imani, tumefunga, tumefuturu, tumeswali, na usiku bado ni mrefu hadi daku. Basi nina swali moja kwako. Yule awowe au ayeyo aliye nyumbani kwenu, mara ya mwisho ulikaa naye lini ukamuuliza aliyoyasikia kwa babu yake? Sisemi kumuuliza kama amekula. Wengi wetu tunamsalimia vizuri, tunamuombea, kisha huyoo, tumerudi kwenye simu.

Hebu tupige hesabu. Aliyezaliwa 1963, mwaka vita vya Shifta vilipoanza, amekwisha kupita miaka 60. Aliyekuwa kijana mchunga ngamia wakati ule, kama yu hai, yuko miaka 80 hivi. Na Kisomali kilipata herufi rasmi za Kilatini mwaka 1972 tu. Kwa hiyo mengi waliyoyajua watu wa nyika hii yaliwekwa vifuani, si vitabuni. Kifua kikizikwa, na yaliyomo yanazikwa nacho.

Je, dini inaturuhusu?

Kijana mmoja anaweza kusema: "Hizi si ngano tu za jahiliya? Ramadhan ni mwezi wa Qur'ani." Ni swali zuri. Qur'ani yenyewe imejaa visa, na Sura ya Yusuf inaeleza mwanzoni kwamba kisa chake ni katika masimulizi bora kabisa, na mwishoni kwamba visa hivyo ni mazingatio kwa wenye akili. Tena katika hadithi iliyo kwa Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametupa ruhusa ya kusimulia habari za Bani Israil, wala hakuna ubaya, na papo hapo akaonya vikali juu ya anayemzulia uongo yeye. Umeiona mizani hiyo? Kusimulia kumeruhusiwa. Kuvisha ngano nguo ya hadithi ya Mtume ndiko kuliko haramu. Ukimsikia mtu anasema "Mtume alisema" juu ya jambo ambalo ni la babu yake, hapo simama.

Chukua mfano wa visima. Wajir inajulikana kwa visima vyake vilivyochimbwa katika mwamba wa chokaa, na watu wake husimulia asili yake kwa njia mbalimbali. Wako wanaosema vilichimbwa na Madanle, watu warefu wenye nguvu waliokuwepo kabla yetu. Wako wanaovihusisha na Nabii Sulayman (A.S.), na wako wanaosema Malkia wa Sheba alinyweshea ngamia wake pale. Na hapo mbele kwenye barabara yetu kuna El Wak, maana yake visima vya Waaq, jina la Mungu walilolitumia watu wa pembe hii kabla ya Uislamu kuwafikia. Sasa wewe mwandishi ufanye nini? Andika masimulizi yote, kila moja na mwenyewe. Ni kweli Qur'ani inatuambia majini walimtumikia Nabii Sulayman, lakini haikutaja Wajir. Basi usiseme "Qur'ani imesema." Sema, "Mzee fulani amesimulia."

Sheeko sheeko!

Waswahili wa pwani huanza "Hadithi, hadithi!" na watoto hujibu "Hadithi njoo!" Kwetu mama akisema "Sheeko sheeko," watoto hujibu "Sheeko xariir," yaani hadithi ya hariri. Nani hapa hakutishwa na Dhegdheer, yule mwanamke wa sikio refu anayekula watu? Au Qori Ismaris, mtu anayejisugua kijiti akawa fisi? Ukimuuliza mzazi mwenye busara atakwambia: mtoto wa nyikani akitoka usiku analiwa na fisi wa kweli, kwa hiyo tulimpa fisi wa hadithi amzuie. Na Igal Shidaad, yule mwoga anayechekesha, ametufundisha kuhusu woga kuliko mawaidha mengi.

Kiko kisa cha Wiil Waal, mtawala wa upande wa Jigjiga katika karne ya 19. Aliwataka watu wamletee kile kiungo cha kondoo kinachoweza kuwafanya wanaume kuwa ndugu au kuwa maadui. Wengine wakaleta minofu mizuri. Binti wa maskini mmoja akamwambia baba yake apeleke koo. Naam, koo! Manake kwa hilo koo mtu hula peke yake akagombana na jirani, au humgawia jirani wakapatana. Sisi tunaozuia koo tangu alfajiri hadi magharibi tuna haja ya maelezo zaidi?

Imani za mkosi

Hapa tuwe makini. Utakapowauliza wazee utakutana na mambo ya nuksi, ndege mbaya, bundi juu ya paa, hirizi. Mtume (S.A.W.) amekanusha kuona mkosi, akamtaja na bundi ambaye Waarabu wa jahiliya walimwogopa. Alipofariki mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku ile, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Yeye mwenyewe, baba mwenye uchungu, aliwasahihisha: jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu.

Lakini usitupe kila kitu kapu moja. Wazee wetu walijua nyota na majira ya mvua. Msomi Muuse Galaal, ambaye mwaka 1956 alichapisha kitabu cha hekima za Kisomali kiitwacho Hikmad Soomaali, alikusanya pia elimu hiyo ya nyota na hali ya hewa. Kusema "nyota fulani imetupa mvua" Mtume amekukataza, kama ilivyopokewa katika habari ya Hudaybiya. Kusema "nyota fulani ikionekana, huu ni msimu wa kuhama na ngamia" ni kalenda, na Qur'ani imesema nyota zimewekwa tuongoke kwazo. Andika yote mawili, ila ujue lipi ni lipi. Na usimkemee mzee mbele ya wajukuu. Ukimkemea leo, kesho hatakwambia kitu.

Namna ya kuuliza

Maulamaa wa hadithi, kama Imam Bukhari aliyefariki mwaka 256 Hijria (870), walisafiri masafa marefu na kuuliza: umesikia kwa nani, naye alisikia kwa nani? Ngano zetu si hadithi za Mtume, lakini adabu hiyo tuiazime.

Kwanza, omba idhini kabla ya kuwasha simu kurekodi, na akikataa, funga simu usikilize. Pili, andika jina lake kama ameridhia, umri, mahali, tarehe na aliyemsimulia. Tatu, usimtilie maneno mdomoni. Ukisema, "Si ni kweli visima vilichimbwa na majitu?" atakujibu ndiyo kwa adabu tu. Uliza, "Nani alichimba?" kisha nyamaza. Nne, asipojua mwaka, muulize ni kabla au baada ya Shifta. Tano, andika kwa lugha yake, Kisomali au Kiborana, tafsiri ije baadaye. Sita, akina dada waende kwa ayeyo, manake yako mambo ya wanawake ambayo sisi wanaume hatutaambiwa. Na ukishamaliza, msomee, akusahihishe.

La saba ni zito. Kutulo iko mpakani mwa Wajir na Mandera, na mpaka huo umebishaniwa. Hapa hadithi ya kisima yaweza kugeuzwa hati ya ardhi, na damu ikamwagika. Kwa hiyo usichukue simulizi la ukoo mmoja ukaacha la mwingine. Na matusi ya ukoo kwa ukoo usiyaeneze kwa jina la utamaduni. Sura ya Hujurat imetuamuru kuthibitisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga.

Mwisho, usiulize ya kale mno tu. Baada ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, yaliyotokea yalibaki miaka mingi katika vinywa vya manusura na wajane. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipofika kusikiliza mwaka 2011, ni hao waliosimama wakasema, na ripoti ya 2013 ikayaandika. Je, wangekuwa wamekwisha kufa wote?

Na tarehe 21 Desemba 2015, kwenye barabara yetu hii, upande wa El Wak, magaidi walisimamisha basi wakitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Akina mama waliwapa wenzao wasio Waislamu hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016, Mwenyezi Mungu amrehemu. Filamu imetengenezwa, Watu Wote, ya 2017. Lakini filamu si ushahidi wa kila abiria. Baada ya miaka 50 wajukuu watakisimulia kisa hiki. Watakuwa na maneno ya waliokuwepo, au watakuwa na Dhegdheer mwingine?

Basi kabla ya Idd, kila mmoja wetu akae na wazee watatu, na daftari lake aliweke madrasa. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu umri wenye baraka, atupokelee saumu zetu, na atujaalie ndimi za kweli. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.