Ungepewa Nafasi, Ungebadili Nini Mwilini Mwako?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



 Mwandishi wa chama aliponiomba niseme juu ya afya, nilimjibu kwamba mimi si daktari, wala sijasomea udaktari. Akaniambia kuwa ndiyo sababu hasa ya kuniita, kwa kuwa madaktari wamekwisha sema nasi mara nyingi, tukawasikiliza kwa adabu, kisha tukarudi majumbani vile vile tulivyokwenda. Basi leo nasema nanyi kama mgonjwa asemavyo na jamaa zake.

Jioni moja tulikuwa tumekaa barazani huku kwetu Kibokoni, kahawa inazunguka, na kijana mmoja akatuuliza swali: “Wazee wangu, kama kila mtu angepewa nafasi ya kubadili kitu kimoja tu mwilini mwake, angebadili nini?” Tukacheka, kisha kila mmoja akatoa lake. Mmoja akataka meno yake ya ujana. Wa pili akataka magoti mapya, ili apande ngazi za nyumba yake bila ya kupumzika katikati. Mwingine akalikamata tumbo lake kwa mikono miwili, wala hakuhitaji kusema neno. Kijana mwenyewe akasema angependa mwili wa kunyanyua vyuma. Baadaye nilipowauliza mabibi wa nyumbani, nikaambiwa kwamba wasichana wengi wa siku hizi wangebadili rangi ya ngozi kwanza, na mengine baadaye.

Nimelifikiri sana swali lile tangu siku ile. Nimeona ya kwamba karibu sote tulitaja yale yaonekanayo na watu. Hapana hata mmoja aliyesema, “Ningebadili damu yangu,” au “Ningebadili figo zangu.” Nami nilikuwa katika hao, ijapokuwa, kama mtakavyosikia, nilikuwa na sababu kubwa ya kusema.

Na tuanze na yaonekanayo. Dawa za kujichubua zimeenea madukani na mikononi mwa wachuuzi. Baadhi ya dawa hizo hutiwa zebaki. Zebaki hupita katika ngozi, ikaingia mwilini na kudhuru figo. Nyingine zina hidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta madoa meusi yenye rangi ya samawati, ambayo ni taabu kubwa kuyaondoa. Ndipo aliyetafuta weupe hujikuta amenunua weusi asiouzaliwa. Na nyingine zina dawa za steroidi, ambazo huifanya ngozi kuwa nyembamba, na zikitumiwa kwa wingi kwa siku nyingi huweza kupandisha sukari na presha. Tazameni basi, mabwana na mabibi: mtu ameutengeneza uso wake kwa kuliharibu tumbo lake. Simlaumu binti aliyefanya hivyo. Nawalaumu kwanza waliomfundisha kwamba rangi aliyopewa na Mola wake ni ila, na katika hao tumo sisi wazee, tunaosifu bibi arusi kwa weupe kabla ya kuuliza tabia yake.

Liko jambo la pili, ambalo huonekana lakini husitiriwa. Naomba radhi kwa mama zetu, lakini mahali pa kusema ni hapa. Nasema juu ya mabusha na matende. Katika pwani yetu maradhi haya ni ya tangu zamani, na wanaume wengi wameyachukua chini ya kanzu na shuka kwa miaka mingi, wakiacha kazi, wakiacha safari, hata wakiacha kuoa, kwa haya. Wako waliosema kuwa ni kurogwa, na wako waliosema ni kunywa madafu mengi. Dafu halina kosa lolote. Mabusha ya namna hii, pamoja na matende, huletwa na vijidudu vidogo sana mfano wa nyuzi, ambavyo mbu huvichukua kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine. Tangu 2002 Serikali ya Kenya imekuwa na mpango wa kuyaondoa maradhi haya kwa kugawa dawa za kumeza pwani. Dawa hizo huviua vijidudu vichanga vilivyomo katika damu, ili mbu wasipate cha kuchukua. Na mtu ambaye busha limekwisha kua, hospitali humpasua akapona, akarudi kazini. Huyu ndiye mtu anayeweza kwa kweli kubadili kitu mwilini mwake. Lakini kwanza sharti aseme. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa nafika kwenye yale yasiyoonekana.

Kwa miaka mingi chama hiki kilinipa amana ya kutunza kitabu cha maziko. Niliandika majina kwa mkono wangu mwenyewe. Na mara nyingi, walipokuja jamaa wa marehemu nikawauliza sababu, walinijibu kwa neno moja: ghafula. Alikuwa akila chakula cha usiku, ghafula akaanguka. Alikwenda sokoni Marikiti mzima, ghafula mkono na mguu vikafa. Nami niliandika “ghafula” bila ya kuuliza zaidi. Leo najua kwamba mengi katika hayo hayakuwa ya ghafula hata kidogo. Yalikuwa na safari ndefu ndani ya mwili, isipokuwa hapana aliyeyapima.

Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Ikipimwa mara kwa mara ikawa imefika 140 kwa 90 au zaidi, madaktari huiita ya juu. Mwenye nayo aghalabu hasikii lolote: halei homa, haumwi, hakonda. Lakini usiku na mchana moyo wake unabeba mzigo, na mishipa ya ubongo na ya figo inachakaa, mpaka siku moja hupasuka au huziba. Hiyo ndiyo siku tunayoiita ghafula. Mwaka 2015 Wizara ya Afya, pamoja na wakuu wa takwimu na Shirika la Afya Ulimwenguni, walichunguza watu wazima wapatao 4,500 katika Kenya yote. Wakaona karibu robo yao wana presha ya juu, na zaidi ya nusu walikuwa hawajapimwa presha tangu kuzaliwa kwao. Juu ya sukari, wengi mno kuliko hao walikuwa hawajapimwa kamwe.

Mimi nilikuwa mmoja wa watu ambao hawajapimwa. Nilikuwa na kiu isiyokwisha. Niliamka usiku mara nne na mara tano kwenda msalani. Mke wangu aliona sisimizi wamekusanyika chooni, akaniambia, “Baba watoto, nenda ukapimwe.” Nikamjibu kuwa ni uzee. Kisha kiatu kikanichuna kidole cha mguu. Kwa kuwa sukari ikizidi huua mishipa ya fahamu ya miguu, sikusikia maumivu, na kwa kutosikia maumivu sikutazama. Zilipita wiki tatu. Nilipofika hospitali, harufu ilikuwa imekwisha kutangulia. Nilikatwa vidole viwili. Daktari aliniambia kwa upole kwamba huenda ugonjwa ule ulikuwa nami kwa miaka kadhaa, na ya kuwa tone moja la damu lingalitosha kuufichua. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Wala sikuja hapa kuomba pole.

Nawaomba vijana wajue kwamba ugonjwa huu si hukumu ya kifo kama ulivyokuwa zamani. Mpaka 1921, ambapo Frederick Banting na Charles Best walipata dawa ya insulini huko Toronto, nchi ya Kanada, mtoto aliyepatwa na sukari hakuwa na siku nyingi. Mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14 akachomwa sindano ya dawa hiyo, akawa wa kwanza kuokolewa nayo. Sasa dawa zipo, za sindano na za vidonge. Lakini hapana dawa impatayo mtu asiyejua kuwa mgonjwa.

Na chakula je? Najua baadhi yenu mnangoja niyapige marufuku mahamri na mbaazi. Sithubutu, ningetolewa nje ya ukumbi huu. Chakula chetu ni urithi wetu. Lakini tufanye hesabu. Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri mtu mzima asizidishe chumvi ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa yote alayo. Na sukari ya kutia haifai kupita vijiko 12 hivi kwa siku, tena bora isifike hata nusu yake. Chupa moja ya soda ya mililita 300 yapata vijiko vinane. Ongezeni vikombe vitatu vya chai ya maziwa, kila kimoja vijiko vitatu, kisha kaimati za shira, kisha halwa katika kahawa, nanyi mtaona kwamba mtu hupita mpaka kabla ya adhuhuri. Wazee wetu nao walikula halwa. Lakini walikwenda kwa miguu toka Mji wa Kale mpaka Kilindini kubeba mizigo, wakarudi kwa miguu. Sisi twapanda tuktuk kutoka Ndia Kuu mpaka Makadara, kisha twashangaa matumbo yamepatikana wapi.

Juu ya miraa na muguka nitasema machache, kwa sababu jambo hilo lina maneno mengi. Mnakumbuka kwamba Mei 2024 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilitoa amri ya kuizuia muguka, kisha mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Mimi si hakimu. Nasema tu kwamba majani yale huuharakisha moyo na kupandisha presha, na mwenye presha ayatafunaye humpiga mjeledi punda aliyekwisha choka. Kwa jambo hilo mtu hahitaji kungoja mahakama.

Bwana Mwenyekiti, maneno bila vitendo ni sawa na ngoma isiyo na mchezaji. Naleta mbele ya mkutano huu mambo matatu.

La kwanza, chama kinunue mashine moja ya kupimia presha na moja ya kupimia sukari, na vijana wawili, mmoja mume na mmoja mke, wafundishwe kuzitumia sawasawa. Kila mkutano wa mwezi, kabla ya kufungua kikao, kila mwanachama apimwe, na hesabu yake aandikiwe katika kadi yake mwenyewe, iwe siri yake.

La pili, kila mwanachama ahakikishe amejiandikisha pamoja na watu wa nyumba yake katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua mahali pa bima ya zamani ya hospitali. Asingoje mpaka mgonjwa awe mlangoni.

La tatu, ndilo lenye mzozo. Nataka sehemu ya fedha za maziko itengwe kwa ajili ya walio hai: kununua vidonge vya presha na sukari kwa mwanachama asiyejiweza, na nauli ya kumfikisha hospitali. Nimesikia tayari minong'ono kwamba fedha za maziko ni amana, hazifai kuguswa. Nami niliyetunza amana hiyo nawajibu hivi: tulichanga ili tusitiriane. Je, kumsitiri mtu ni kumnunulia sanda tu? Kwa hesabu niliyoifanya, bei ya mashine zote mbili haifikii gharama ya maturubai na viti vya matanga ya siku chache. Tumekuwa hodari sana wa kumchukua ndugu yetu mabegani mpaka makaburini. Nataka tuwe hodari vile vile wa kumshika mkono mpaka hospitali, angali anaweza kutembea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Naongeza ombi dogo lisilo na gharama. Jioni ya kila Jumapili, wanaoweza na tukutane mbele ya Ngome ya Yesu, twende kwa miguu mpaka Mama Ngina tukapunge upepo wa bahari, kisha turudi. Mimi nitakuja na mkongojo wangu na vidole vyangu vinane, na asiyeweza kwenda upesi ataniona nyuma, tutakwenda pamoja.

Kijana wa barazani alituuliza tungebadili nini. Siku ile nilimjibu kwamba ningependa nywele zangu zirudi kuwa nyeusi. Ikiwa yupo hapa leo, nalifuta jibu lile. Ningebadili usiku mmoja tu, usiku ule mke wangu aliponiambia, “Nenda ukapimwe.” Ningeondoka asubuhi yake.

Kwangu nafasi hiyo imepita. Kwenu ninyi haijapita, na mashine niliyoazimwa na rafiki iko pale mezani, karibu na mlango. Anayetoka na apite hapo kwanza.