Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

Leo fungueni kitabu cha Nehemia, mlango wa 2 na wa 3. Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku 3, kisha akaondoka usiku na watu wachache, akazizunguka kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea. Alitazama kwanza, ndipo akasema.

Kuna mji wa Detroit, huko Marekani, uliopata jina kwa kutengeneza magari. Mwaka 1950 ulikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Mwaka 2010 walisalia 713,000 hivi. Viwanda vilihama, wenye uwezo wakahamia nje ya mji, wengine wakashindwa kulipa kodi ya nyumba wakanyang'anywa. Na nyumba tupu, ndugu zangu, haikai salama. Wezi huja kung'oa mabomba na nyaya za shaba, mvua huingia, na usiku mmoja hushika moto, naye jirani amelala na watoto wake hapo kando. Jirani huyo hakuhama, na mara nyingi ni kwa kuwa hana pa kwenda.

Katika majira ya baridi, mwaka 2013 kuingia 2014, watu walitumwa mtaa kwa mtaa, wakapiga picha na kuandika hali ya viwanja karibu 380,000. Ripoti ya Mei 2014 ilitaka majengo zaidi ya 40,000 yaondolewe. Maelfu yamebomolewa tangu hapo. Lakini kubomoa ni nusu ya kazi, maana kiwanja kisicho na mwenyewe huota magugu na kugeuka jaa.

Wengi husifu kituo cha reli cha Michigan Central, kilichofungwa mwaka 1988, kikanunuliwa na kampuni ya Ford mwaka 2018 na kufunguliwa tena 2024. Ni kazi njema, siibezi. Mimi hunigusa zaidi jambo dogo: mwenye nyumba aliweza kuuziwa kiwanja kitupu kilichopakana naye kwa dola 100. Wengine wakapanda mboga, wengine wakazungushia ua tu.

Mlango wa 3 wa Nehemia wengi wetu huuruka kwa sababu ya majina magumu. Usomeni. Mtawaona makuhani, wafua dhahabu, hata Shalumu na binti zake, na wengine wakijenga mahali palipoelekea nyumba zao wenyewe.

Tuombe. Ee Bwana, wakumbuke usiku huu wanaolala kando ya nyumba isiyo na mtu, wakisikiliza kila kishindo. Amina.