Pareto Nyuma ya Nyumba: Hotuba kwa Wakazi wa Wadi ya Kiplombe

 

Wengi wenu mmeuliza kama pareto inafaa kupandwa kwenye ploti ndogo. Hili ni ua la jamii ya dezi, lenye petali nyeupe na kiini cha manjano. Asili yake ni Dalmatia, nchini Kroatia, na liliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Hupenda baridi ya nyanda za juu, na Eldoret, iliyo takriban mita 2,100 juu ya bahari, inalifaa.

Mashamba yetu yamegawanywa mara nyingi. Mwenye robo ekari hawezi kulisha familia na kulipa karo kwa mahindi pekee. Hata hivyo, usiyang'oe mahindi. Tenga mita 6 kwa 10 tu uanze hapo.

Chagua mahali palipo na jua, pasipotuama maji, kwa sababu mizizi huoza upesi. Panda mvua ikianza. Acha sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya miche. Kipande hicho kitachukua miche kama 330. Miche hupatikana kwa mbegu au kwa kugawanya shina la mmea mzima. Palilia mara kwa mara.

Maua ya kwanza huchumwa baada ya miezi mitatu hadi minne, kisha kila wiki mbili au tatu. Chuma yale ambayo petali zake zimelala bapa. Usichume yakiwa na umande, wala usiyarundike, maana yatapata joto na kuharibika. Yaanike siku hiyo hiyo, yakiwa yametandazwa kwa tabaka jembamba. Kilo nne hadi tano mbichi hutoa kilo moja kavu.

Dawa ya kuua wadudu imo hasa ndani ya kichwa cha ua. Haidumu juani, na sumu yake kwa binadamu ni ndogo. Lakini huua nyuki na samaki. Usinyunyizie mimea iliyochanua, wala usioshee vifaa mtoni.

Sasa tuseme ukweli kuhusu soko. Wazee hapa wanakumbuka malipo yaliyochelewa hadi wakulima wakang'oa pareto. Kwa hiyo, kabla ya kununua mche hata mmoja, mpate mnunuzi aliyesajiliwa. Someni mkataba pamoja: bei ni ngapi, nani atachukua maua, na pesa zitalipwa siku gani? Mkiwa kikundi, mna sauti. Ukiwa peke yako, utapokea utakachopewa. Asiyetaka kuandika tarehe ya malipo, msimpe maua yenu.

Kwa maswali zaidi, mwone afisa wa kilimo wa wadi.